Kazi anayoikwepa baba humwangukia binti

Msimu wa mavuno ukiisha, simu huanza kuita. Anayepiga ni ndugu, au rafiki wa ndugu, yuko Dar es Salaam. Salamu ndefu, afya za wote, kisha shida yenyewe: anatafuta binti wa kazi, na anamtaka wa Iringa, maana wa huko wana adabu na ni wachapakazi. Anadhani anatusifia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14, lakini simu nyingine hata umri haziulizi.

Sifa hiyo najua inapikwa wapi. Inapikwa hapa Ilula, alfajiri, binti anapochochea moto huku kaka yake kajigubika blanketi. Mama kashatoka na beseni la nyanya kuwahi mabasi barabara kuu. Baba yuko shambani, na jioni yuko kwenye ulanzi. Maji, vyombo, mdogo wa kubebwa mgongoni, vyote ni vya binti. Akimaliza darasa la saba keshafuzu kazi za ndani, bado nauli tu.

Tumezoea kusema baba asiyegusa kazi za nyumbani anamwonea mkewe. Anamwonea, ndiyo, ila mke mwenye biashara hana mikono minne, kwa hiyo mzigo unashuka kwa mtoto wa kike na kumlia muda wa daftari. Ada ya sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa mwaka 2016, jambo jema sana. Lakini jioni ya binti hairudishwi kwa waraka wa serikali. Hiyo iko mikononi mwa baba yake.

Mke wangu anauza vitunguu. Siku anazodamka kuwahi wanunuzi, mimi ndiye wa jikoni. Kijana wetu ana miaka 12, anasonga ugali usio na mabuja. Dada yake ana miaka 10, na Jumamosi tukipanga nyanya kwenye matenga yeye ndiye mwenye daftari: yamejaa mangapi, bei gani, nani kalipa, nani kaahidi. Msimu uliopita dalali mmoja alitaka tenga lijazwe mpaka lifanye kilima, lumbesa ile ile tunayoilalamikia kila mwaka. Binti akamwamkia vizuri, kisha akauliza mbele ya wapakiaji: "Mjomba, hizi za juu niziandike bei gani?" Wapakiaji walicheka mpaka wakaweka tenga chini. Kilima kikashushwa.

Kijiweni wanasema nimelishwa limbwata. Sijibizani nao. Mama yangu mzazi ndiye aliyenipa kazi: alinikuta nimembeba kitinda mimba mgongoni kwa kitenge, akanisalimu "kamwene", akakaa kimya. Mama yangu hajui kukaa kimya. Baadaye aliniuliza kama mke wangu anaumwa.

Na tusidhani haya ni mambo ya kijijini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, baba inampa siku 3. Mimi mkulima hainihusu, ila najua matokeo yake yanaishia mlangoni kwetu. Baba anarudi ofisini kitovu cha mtoto hakijadondoka, mama naye likizo yake inaisha, na pengo linatafutiwa mtu Ilula. Wapo wanandoa wa mjini wanaojisifu kwamba kwao hakuna kazi ya mke wala ya mume. Kweli haipo, anaifanya mtoto wa mtu mwingine. Simlaumu mwanamke anayefika nyumbani saa mbili usiku baada ya foleni. Nauliza tu mumewe amefika saa ngapi, na akifika anashika nini.

Ndiyo maana wapigaji simu siku hizi nawajibu kwa swali: kwani hapo kwako wanaume mko wangapi? Wengi hukata. Hapa kwangu zamu ya kufua sare Jumapili hii ni ya kijana, na tangu jana analalamika kwamba wenzake watamwona bombani. Alalamike. Sare ya dada yake imo kwenye ndoo hiyo hiyo, na Jumatatu wote wawili wana shule.