Daftari la Wiki: Tutaje Miji ya Watu

Mtangazaji wa kituo kimoja cha redio alifika kwenye jina Sisaket, mkoa wa Thailand ulio mpakani na Kambodia, akasita, kisha akasema "maeneo fulani ya mpakani". Surin nayo ikapita hivyo hivyo. Ubon Ratchathani hakuigusa. Habari za Thailand na Kambodia mnazo, sina haja ya kuzirudia. Tangu mapigano ya nchi hizo mbili ya Julai 2025 majina haya hayajatoka hewani. Watu wamekufa huko, na wengine wamebeba watoto wakakimbia makwao. Aliyekimbia nyumba yake Sisaket anastahili angalau kutajiwa mji wake. Si-sa-ket. Silabi tatu.

*

Wasomaji wanaonitumia lile jina refu la Bangkok: ahsanteni sana, lakini anayeanza Kithai anahitaji Krung Thep tu, maana ndilo analotaja dereva wa teksi.

*

Vitabu vya Kithai vya wanaoanza vimenikera wiki nzima. Vingi vimeandikwa kwa ajili ya Mwingereza na Mmarekani, na mapema kabisa humwonya mwanafunzi kwamba kutenganisha p na ph, t na th, k na kh kutamtoa jasho. Mtoto wa Mvita hatoki jasho hapo. Paa la nyumba na p'aa wa porini hatuwatamki sawa, wala kaa la moto na k'aa wa baharini. Weka kiganja mbele ya mdomo useme yote mawili. Kwenye paa la nyumba kiganja hakisikii kitu. Kwenye p'aa mnyama, pumzi inakipiga. Kithai kinataka hicho hicho.

Pattani inaanza na p ya nyumba. Phuket, Phatthalung na Phitsanulok zinaanza na p' ya mnyama. Mkoa wa Tak una t kavu, Udon Thani ina t' ya pumzi. Khon Kaen imezikusanya k zote mbili, ya pumzi mbele na kavu nyuma, kwa hiyo ni jina zuri la mazoezi: liseme polepole, kiganja kikiwa mbele ya mdomo, mpaka pumzi ije mara moja tu.

Ugumu wetu uko kwingine, na mwandishi wa Kiingereza hawezi kuujua. Shuleni tulifundishwa kwamba th ni ya thamani na kh ni ya kheri. Tukikutana na Udon Thani ulimi unaenda mbio katikati ya meno, na Khorat inatoka kooni kama neno la Kiarabu. Sivyo. Hiyo h kwenye ramani ya Thailand ni pumzi peke yake. Hakuna "Fuketi" pia. Wenye maduka ya safari waifute kwenye mabango yao.

Halafu kuna mwisho wa jina. Sisi tunapenda kumalizia kwa irabu, basi Nong ya Nong Khai inakuwa "Nongi" na Phuket inakuwa "Puketi". T ya mwisho wa Phuket hukatwa: ulimi unagusa ufizi na kubaki pale pale, hauachiliwi. Hili linahitaji mazoezi ya kweli, na wazee wetu wa madrasa waliotufundisha kusimama kwenye herufi wangelisahihisha vizuri kuliko programu yoyote ya simu.

Na mkoani Lampang kuna wilaya inayoandikwa Ngao. Itamkeni kwa ng' ya ng'ombe. Sauti hiyo huwashinda Wazungu wengi mwanzoni mwa neno. Sisi tumeipata bure.

*

Nasema tena, na wiki ijayo nitasema tena: vitabu vya wageni viandike toni. Khao kwa herufi za Kirumi yaweza kuwa mlima, wali, habari au rangi nyeupe. Kithai cha Bangkok kina toni tano, na vibao vya barabarani vya herufi za Kirumi havionyeshi hata moja, wala havionyeshi irabu ipi ni ndefu.

*

Furaha ya wiki: milima. Katikati na kusini mwa nchi mlima ni khao, ndiyo maana hifadhi ya kwanza ya taifa, iliyotangazwa 1962, inaitwa Khao Yai. Panda kaskazini na mlima unakuwa doi: Doi Inthanon, mkoani Chiang Mai, ndio mrefu kuliko yote Thailand, mita 2,565. Vuka uingie Isan, kaskazini-mashariki, na sasa ni phu, kama Phu Kradueng kule Loei. Shuka Buriram, karibu na Kambodia, ambako wengi husema Kikhmer, na kuna hekalu la Phanom Rung juu ya volkano iliyozimika. Phanom ni mlima kwa Kikhmer, ile ile ya Phnom Penh. Anayeanza akiyashika manne haya, jina la mlima linamwambia yuko upande gani wa nchi na nani aliupa mlima huo jina. Maji nayo yana tabia hiyo. Kwenye nyanda za Bangkok khlong ni mfereji uliochimbwa kwa mikono. Kusini khlong ni mto wa Mungu. Kaskazini mito mingi inaitwa mae, yaani mama, na miji ikachukua: Mae Sot, Mae Sai, Mae Hong Son.

Kwa nini hili halifundishwi somo la kwanza, kabla ya "kalamu iko juu ya meza"?

*

Uwanja mkuu wa ndege wa Bangkok umeandikwa Suvarnabhumi. Watu wanasema Suwannaphum. Tangu ulipofunguliwa 2006, wageni wangapi wamesoma kibao hicho wakaamini walichokiona?

*

Narathiwat. Mfalme Vajiravudh aliupa mji huo wa kusini kabisa jina hilo mwaka 1915, jina la Kisanskriti. Kabla yake Wathai waliuita Bang Nara, na jina la Kimalei linalotajwa ni Menara, lenye asili moja na mnara wetu. Wengi wa Narathiwat, Yala na Pattani ni Waislamu wanaosema Kimalei nyumbani, na machafuko yaliyoanza tena 2004 yameua maelfu. Mwanafunzi ajifunze Narathiwat kwa sababu ndilo jina la kwenye tiketi. Lakini akikaa na mzee wa huko, amuulize yeye anauitaje mji wake, kisha anyamaze asikilize.

*

Kwa ndugu wa mawe ya thamani. Safaya za Tunduru zilipoanza kutoka miaka ya 1990, wanunuzi kutoka Thailand walifika mpaka huko, na jina la mji wao wa mawe, Chanthaburi, likawa mdomoni mwa kila dalali. Chanthaburi ndiko mawe huchomwa ili rangi ikolee, hukatwa na kuuzwa. Kwenye soko la mwisho wa wiki mnunuzi hukaa mezani na muuzaji ndiye anayezunguka na jiwe lake. Sasa, unapouliza basi la kwenda huko kwenye kituo cha Ekkamai, Bangkok, zoea kusikia "Chan" au "Mueang Chan". Majina marefu hukatwa hivyo: Kanchanaburi ni Mueang Kan, Ubon Ratchathani ni Ubon. Nakhon Ratchasima haikatwi, inabadilishwa kabisa, kondakta ataita "Khorat!" na wewe uliyekariri jina la ramani utaachwa kituoni.

*

Namba za magari ndizo kitabu kizuri kuliko vyote. Chini ya tarakimu huandikwa jina la mkoa kwa Kithai, na foleni za Bangkok zinakupa muda wa kutosha wa kusoma. Nonthaburi, Chonburi, Saraburi: jicho linalijua umbo la buri kabla hujamaliza kujifunza konsonanti zote 44. Ukiona Betong, salimu. Ni wilaya ya Yala iliyo mpakani na Malaysia, na ina namba zake yenyewe ingawa si mkoa.

*

Anayenunua ramani ya Thailand atazame kwanza kona ya juu kulia, kando ya mto Mekong. Kama Bueng Kan haijachorwa kuwa mkoa, arudishe. Ulitengwa kutoka Nong Khai mwaka 2011, na muuza vitabu anayeuza ramani ya kabla ya hapo amwambie mteja.