MFANYA KAZI NA STAREHE ZAKE NDOGO



Kila tunapoketi na matajiri kuzungumza habari za mishahara, hutokea mtu upande wa pili wa meza akasema kuwa mshahara watosha, ila wafanya kazi hawajui kuutumia. Hutaja chai na mandazi ya saa nne, sigara, gazeti la Jumapili na kiingilio cha mpira. Twaona imefaa kulijibu neno hilo, kwa maana wako hata ndugu zetu wanaoanza kuliamini.

Na tupige hesabu. Mtu akinywa chai ya shilingi 20 kila siku ya kazi, kwa siku 26 atatumia shilingi 520. Akiiacha chai hiyo, je, fedha hizo zitalipa kodi ya chumba kimoja mjini? Hazitalipa. Anayemwambia mfanya kazi aache chai ili atoke katika umaskini anakwepa jambo lenyewe, nalo ni mshahara.

Maneno haya si mapya. Zamani za ukoloni kima cha chini cha mshahara kilipimwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja, kana kwamba hana mke wala mtoto. Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa waligoma kwa sababu mishahara haikutosha. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter nayo ilikiri kuwa mfanya kazi apaswa kulipwa mshahara wa kutunza jamaa yake. Kumbe waliokuwa wakilaumiwa kwa upotevu walikuwa wakisema kweli.

Tena sheria iko upande wetu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 17, yamkataza tajiri kumzuia mfanya kazi kuutumia mshahara wake apendavyo. Kifungu cha 27 chatupa angalau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7, na kifungu cha 28 chatupa likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kila mwaka kwa mshahara kamili. Siku hizo hatukupewa ili tulale tu, tuamke na nguvu za kumfanyia tajiri kazi. Ni zetu.

Mtu aliyebeba magunia ya saruji tangu asubuhi, akiketi jioni penye bao na kufikiri kete zake, hapo hakuna msimamizi wa kumwamrisha. Mwingine apiga gitaa, mwingine aimba katika kwaya, mwingine apanda sukuma wiki katika magunia nyuma ya nyumba. Hapo ndipo wenzetu wa idara mbalimbali wanapojuana, na watu wanaojuana ni rahisi kusimama pamoja siku ya shida.

Lakini tusiwaseme matajiri peke yao. Dada zetu hutoka kazini saa ile ile tunayotoka sisi, kisha huanza kazi ya pili: maji, jiko na watoto. Mwanamume anayekwenda kwenye drafti kila jioni na ajiulize mkewe apumzika saa ngapi. Kama starehe ni haki, ni haki ya wote wawili.

Wala kamari ya simu hatuihesabu kuwa starehe. Wako wanaoupokea mshahara asubuhi, na jioni wanakopa nauli. Kifungu cha 19 cha sheria hiyo chasema makato yote yasipite theluthi mbili za mshahara. Lakini hiyo theluthi iliyobaki, mwenyewe akiipeleka kwenye kamari, hakuna kifungu kitakachomrudishia, na karo ya mtoto yabaki deni. Mwenzenu akinaswa, msimcheke. Mwiteni, mseme naye.

Basi twawaomba wajumbe wetu: mkiambiwa tena mezani habari za chai na sigara, msikae kujitetea. Wekeni mbele bei ya unga, kodi ya nyumba, nauli na karo, kisha mwulize ni kitu gani kinachobaki. Na pale saa za mapumziko zinapoibwa, iwe ni ya chai au ya Jumapili, andikeni siku na saa, mlete habari chamani. Haki isiyodaiwa hupotea.

Umoja ni nguvu.