Kloridi katika Ubongo Mchanga: Maoni Kuhusu Istilahi Zitajazo Kazi

Mjadala wa uundaji wa istilahi za Kiswahili umejishughulisha zaidi na chanzo cha neno: je, tutohoe, au tuunde kutokana na hazina ya lugha zetu? Maoni haya yanahusu swali jingine ambalo aghalabu hupuuzwa: je, istilahi ya kisayansi itaje kitu chenyewe au itaje kazi yake? Tunadai kwamba istilahi itajayo kazi yaweza kumpotosha mwanafunzi. Mfano wetu ni GABA.

GABA ni kemikali ipitishayo ishara baina ya seli za neva. Katika ubongo wa mtu mzima hutuliza seli, na ndiyo maana vitabu vingi huiweka katika kundi la kemikali za kuzuia. Mfasiri wa Kiswahili atavutika kuiita "kemikali zuizi". Lakini kimsingi GABA hufungua tu njia katika utando wa seli, na wapitao humo hasa ni ioni za kloridi, zenye chaji hasi. Ama ziingie, ama zitoke, hilo hutegemea sana kiasi cha kloridi kilichokwishalimbikizwa ndani ya seli.

Kiasi hicho hudhibitiwa hasa na protini mbili za utando. NKCC1 huingiza kloridi pamoja na sodiamu na potasiamu. KCC2 huitoa pamoja na potasiamu. Katika seli changa NKCC1 hutawala ilhali KCC2 bado ni haba, hivyo kloridi hujaa ndani. GABA ifunguapo njia, kloridi hutoka, uhasi wa ndani hupungua, na seli hukaribia kusisimka. Yehezkel Ben-Ari na wenzake walilionyesha jambo hili katika ubongo wa vitoto vya panya mwaka 1989. Mwaka 1999 Claudio Rivera, Kai Kaila na wenzao walionyesha kwamba ni KCC2 inayoifanya GABA iwe ya kutuliza seli inapokomaa.

Huenda msomaji akapendekeza tuseme "sisimuzi" kwa mtoto na "zuizi" kwa mtu mzima. Hilo nalo halitoshi. Uchunguzi wa vitoto vya panya walio hai umeonyesha kwamba GABA yaweza kupunguza uhasi wa seli moja moja na papo hapo ikapunguza shughuli za mtandao mzima, kwa kuwa njia zilizo wazi hudhoofisha ishara nyingine.

Suala hili haliwahusu wanaleksikografia peke yao. Mtoto mchanga apatwapo na degedege, mara nyingi hupewa fenobabitali, dawa iongezayo nguvu ya GABA. Kwa wengi degedege haikomi, na kloridi ni mojawapo ya sababu zinazotajwa. Watafiti wa Ulaya walijaribu kuongeza bumetanaidi, dawa izuiayo NKCC1. Jaribio hilo, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015, lilisitishwa mapema: watoto 3 kati ya 11 walionusurika walionekana kuwa na upungufu wa kusikia, na manufaa ya kutosha hayakuthibitika. Tatizo, basi, lingali wazi. Mwuguzi aliyefundishwa kwamba GABA ni "zuizi" hana hata neno la kuulizia kwa nini dawa haikufaa.

Ni maoni yetu, kwa hiyo, kwamba GABA ibaki GABA, na athari yake ielezwe kwa sentensi pamoja na umri na hali ya seli. Istilahi ikilazimika kutaja tendo, na itaje lile ambalo kitu hulifanya chenyewe, yaani kufungua njia ya kloridi, wala isitaje matokeo yaamuliwayo na mambo mengine. Sentensi ni ndefu kuliko neno, lakini sentensi husahihishika upesi. Istilahi ikishaingia katika kamusi na mitihani, kuing'oa ni kazi ya kizazi kizima.