Baba ambaye daftari la shamba halikumtaja

Mzazi mwenzangu, wiki hii tunatoka kidogo nje ya mipaka yetu. Tunakwenda Virginia, Marekani, kwenye kilima kiitwacho Monticello. Pale aliishi Thomas Jefferson, mwandishi mkuu wa Azimio la Uhuru la mwaka 1776 na rais wa tatu wa nchi ile kuanzia 1801 hadi 1809. Alikuwa na shamba la maelfu ya ekari, na katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600. Leo nataka tuache siasa zake tuzungumzie nyumba yake, na hasa watoto wanne waliokulia pale kilimani bila mtu kuwaambia hadharani baba yao ni nani. Ubishi juu yao ulidumu karibu miaka 200, na wapo wasioukubali mwisho wake mpaka sasa.

Tuanze na mama. Sally Hemings alizaliwa mwaka 1773. Mama yake, Elizabeth Hemings, alikuwa mtumwa, binti wa mwanamke Mwafrika na nahodha Mwingereza. Baba yake, kwa maelezo yaliyobaki katika familia na kukubaliwa na watafiti wengi, alikuwa John Wayles, tajiri wa mashamba. Huyo Wayles ndiye pia baba wa Martha, mke wa Jefferson. Kwa hiyo Sally na bibi mwenye nyumba walikuwa dada wa baba mmoja. Mzee Wayles alipofariki, Martha na mumewe walirithi ardhi na watumwa 135, na miongoni mwa hao watumwa walikuwamo ndugu wa damu wa Martha. Soma tena sentensi hiyo ukitaka, mimi mwenyewe niliisoma mara mbili.

Martha alifariki mwaka 1782. Jefferson hakuoa tena. Mwaka 1787, akiwa balozi Ufaransa, aliagiza binti yake mdogo Maria aletwe Paris. Msichana aliyetumwa kumsindikiza mtoto huyo baharini alikuwa Sally, mwenye umri wa miaka 14. Jefferson alikuwa na miaka 44.

Kilichofuata tunakijua kwa sehemu kubwa kutoka kwa mtoto wa Sally, Madison Hemings, fundi seremala aliyehamia jimbo la Ohio. Mwaka 1873, akiwa mtu mzima wa miaka 68, alilisimulia gazeti moja la huko maisha yake. Alisema mama yake alipata ujauzito wa Jefferson wakiwa Paris. Sheria ya Ufaransa ingemruhusu kudai uhuru wake, naye alikataa kurudi Virginia. Akakubali baada ya kuahidiwa kwamba watoto wake wote wataachwa huru wakifikisha miaka 21. Walirudi mwaka 1789. Mtoto yule wa kwanza hakuishi.

Hapa nisimame kidogo. Ziko riwaya na filamu zilizoyaita haya mapenzi. Mimi nina binti, na neno hilo linanikwama kooni. Msichana wa miaka 16, mbali na mama yake, mbele ya mtu mzima anayemmiliki kisheria, anatumia nafasi ndogo aliyo nayo kuwapatia uhuru watoto ambao hawajazaliwa. Hayo ni majadiliano, tena magumu kuliko mengi ambayo wewe na mimi tumewahi kuyafanya.

Kwa nini ilibidi ajadiliane? Kwa sababu Virginia, tangu mwaka 1662, ilikuwa na sheria kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake. Kabla ya hapo desturi ya Kiingereza ilikuwa mtoto kumfuata baba, na mwaka 1656 mwanamke aitwaye Elizabeth Key alishinda kesi ya kudai uhuru, hoja yake mojawapo ikiwa kwamba baba yake alikuwa Mwingereza huru. Wenye mashamba wakaliona hilo pengo na kuliziba. Tangu hapo mwenye shamba angeweza kuzaa na mtumwa wake na asipoteze kitu. Mtoto aliongezwa kwenye mali. Watoto wa Sally walikuwa na babu mmoja tu Mwafrika kati ya kila wanane wa kizazi cha juu, kiasi kwamba kwa sheria ya Virginia ya wakati huo walihesabiwa weupe. Walikuwa weupe kisheria na watumwa kisheria.

Jefferson alikuwa mtu wa kuandika kila kitu: hali ya hewa, bei, mbegu. Katika daftari lake la shamba majina ya watoto wa Sally yamo. Beverly, 1798. Harriet, 1801. Madison, 1805. Eston, 1808. Jina la mama lipo, la baba halipo.

Minong'ono ilitoka nje mwaka 1802, mwandishi wa habari James Callender alipoichapisha huko Richmond. Callender alikuwa na kinyongo, alikuwa ameomba kazi serikalini akanyimwa, na kinyongo hicho kikawa kisingizio cha watu kuikataa habari nzima kwa miaka mingi. Jefferson hakujibu hadharani. Baada ya kifo chake wajukuu zake wa ndoa ndio waliojibu. Mjukuu mmoja alimtaja Peter Carr, mpwa wa Jefferson. Dada yake akamtaja Samuel, mdogo wake Peter. Wajukuu wa nyumba moja, majibu mawili! Wanahistoria wakayachukua hata hivyo, kwa sababu yalitoka kwa watu wa heshima. Maelezo ya Madison, ambayo aliyekuwa mtumwa mwingine wa Monticello aliyathibitisha mwaka huohuo wa 1873, yakawekwa kando.

Ajabu ni kwamba ushahidi ulikuwa mezani muda wote. Jefferson alisafiri sana, na safari zake zinajulikana kwa tarehe. Mwaka 1968 mwanahistoria Winthrop Jordan alionyesha kwamba kila mara Sally aliposhika mimba, Jefferson alikuwa nyumbani. Hakuna mtoto aliyetungwa mimba akiwa safarini. Mwaka 1997 Annette Gordon-Reed, mwanasheria, akaandika kitabu akiuliza swali rahisi: kwa nini neno la Madison lipimwe kwa mizani tofauti na neno la wajukuu weupe?

Mwaka uliofuata vikaja vinasaba. Nieleze vizuri, maana wasomaji wengi huniuliza kuhusu vipimo hivi. Kuna kromosomu iitwayo Y ambayo baba humpa mtoto wa kiume tu, naye humpa mwanawe, karibu bila kubadilika. Jefferson hakuacha mtoto wa kiume wa ndoa. Wataalamu wakapanda hadi kwa baba yake mkubwa, Field Jefferson, wakateremka kwa watoto wa kiume hadi wazao walio hai. Wakalinganisha na mzao wa kiume wa Eston. Vikafanana. Vya wazao wa akina Carr havikufanana kabisa, na hadithi ya wajukuu ikaanguka siku hiyo.

Lakini kipimo kama hicho hakitofautishi kaka na mdogo wake. Kinasema huyu ni wa ukoo wa Jefferson, hakisemi ni Jefferson yupi. Baadhi ya magazeti yaliandika zaidi ya kilichopimwa, na wapinzani wakashika hapo hapo: wakamtaja Randolph, mdogo wake Thomas, mtu ambaye kabla ya 1998 karibu hakuna aliyemhusisha na jambo hili. Taasisi inayoitunza Monticello ilipitia yote kwa pamoja, vinasaba, tarehe, maelezo ya Madison na namna watoto walivyoachwa huru, na mwaka 2000 ikasema kwa uwezekano mkubwa Thomas ndiye baba wa watoto wote sita wa Sally waliomo kwenye kumbukumbu. Mimi naona wako sahihi. Kwa watumwa zaidi ya 600, hakuna familia nyingine ambayo Jefferson aliwaacha watoto wote waondoke huru.

Kipimo kiliumiza pia. Ukoo mwingine, wa Thomas Woodson, ulikuwa umesimuliana kizazi hadi kizazi kwamba babu yao ni mtoto wa Jefferson na Sally. Vinasaba havikulingana. Na wazao wa Eston? Eston alihamia Wisconsin mwaka 1852, akachukua jina la Jefferson na kuishi kama mweupe. Mwanawe akawa kanali katika jeshi la Kaskazini. Baadaye wazee wa familia waliamua kuwaambia watoto kwamba wanatokana na ndugu wa Jefferson, ili asili yao ya utumwa isijulikane. Wale waliosema kweli kwa sauti, wazao wa Madison, hawana mstari wa kiume usiokatika wa kupimwa. Lipo kaburi la mtoto wake mmoja wa kiume. Familia iliombwa ruhusa ya kulifukua ikakataa, kwamba wao hawahitaji kuthibitishiwa walichoambiwa na bibi zao.

Madison alisema jambo jingine dogo ambalo sijaweza kulisahau. Jefferson hakuwa mkali kwao, lakini hakuwaonyesha upendo wa baba, ilhali wajukuu zake weupe, wa palepale nyumbani, aliwapenda sana. Madison alijifunza herufi kwa kuwaomba watoto weupe wamfundishe. Yeye na Eston walipata uhuru kwa wosia wa mwaka 1826.

Beverly na Harriet walikuwa wameshaondoka mwaka 1822. Msimamizi wa shamba alieleza baadaye kwamba Jefferson alimwagiza ampe Harriet dola 50 na nauli ya kwenda Philadelphia. Alikuwa na miaka 21. Aliolewa na mweupe huko Washington, akazaa, na hakuna jirani aliyejua alikotoka. Madison alilijua jina la shemeji yake, akalificha kwa makusudi alipohojiwa. Watafiti wamemtafuta Harriet kwenye vitabu vya ndoa, vya kanisa na vya makaburi. Hawajampata.