Picha ya mtaani si pambo

Watu wengi wanapoulizwa ni picha ipi ya gazetini iliyowavutia, aghalabu hutaja picha ya kiongozi mashuhuri, ya ajali ya kutisha, au ya jambo la ajabu lisiloonekana kila siku. Dhana iliyojengeka ni kwamba picha huvutia kwa sababu ya ukubwa wa mtu au wa tukio lililomo. Dhana hiyo ina kasoro kubwa, na picha zilizopigwa mitaani, za watu wasiojulikana wakiwa katika shughuli zao za kawaida, ndizo zinazoifichua kasoro hiyo.

Mwaka 1932 Mfaransa Henri Cartier-Bresson alipenyeza lenzi ya kamera yake katika mwanya wa uzio wa mbao nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare mjini Paris. Picha aliyoipata inamwonyesha mtu mmoja akiruka dimbwi. Kisigino chake kimebakiza kiasi kidogo tu kuyagusa maji, na sura yake inaonekana majini kama mtu wa pili. Nyuma yake limebandikwa tangazo lenye picha ya mcheza dansi, naye akiwa hewani. Hakuna ajali wala kiongozi. Yupo mtu asiyetaka kulowana. Lakini nukta moja baadaye viatu vingeloa, maji yangetibuka, na ule ulinganifu baina ya mrukaji na mcheza dansi ungepotea usirudi tena.

Kutokana na kazi za bwana huyo, wapo waliohitimisha kwamba siri yote ya picha ya mtaani ni wepesi wa kidole. Huo ni ukweli nusu. Wepesi huikamata nukta. Hauwezi peke yake kueleza kwa nini nukta hii ikumbukwe na ile isahauliwe. Ili jambo hilo lieleweke, hapana budi kuitazama kazi ya mpiga picha mwingine, Robert Frank, mzaliwa wa Uswisi.

Katika miaka ya 1955 na 1956 Frank aliizunguka Marekani kwa gari, akapiga picha zaidi ya 27,000. Alipotoa kitabu chake, kwanza Paris mwaka 1958 na kisha Marekani mwaka 1959, alichagua picha 83 tu, yaani chini ya moja katika kila 300. Mojawapo ni picha ya tramu aliyoipiga New Orleans mwaka 1955. Abiria wanatazama nje madirishani: Wazungu wazima mbele, watoto wa Kizungu katikati, na watu Weusi nyuma. Mwanamume mmoja Mweusi ameegemeza mikono dirishani, uso umejaa simanzi. Hapigwi mtu, wala haonekani askari. Kila mmoja amekaa mahali alipozoea kukaa, na hapo ndipo penye uzito. Utaratibu mzima wa ubaguzi wa rangi, ambao mwanasheria angehitaji kurasa nyingi kuueleza, umejipanga katika madirisha ya gari moja. Majuma machache baadaye, tarehe 1 Desemba 1955, Rosa Parks alikamatwa mjini Montgomery kwa kukataa kumpisha Mzungu kiti katika basi. Anayeijua picha ile haulizi kwa nini kiti cha basi kilizusha harakati kubwa kiasi kile.

Hivyo basi, picha ya mtaani huwa na uzito inapoonyesha uhusiano uliopo kati ya watu, hasa uhusiano ambao wenyewe wameuzoea hata hawauoni tena.

Ukweli huo aliufahamu vyema Ernest Cole, Mwafrika aliyezaliwa karibu na Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1940. Kijana huyo alivutiwa na kitabu cha Cartier-Bresson kuhusu watu wa Moscow, akaazimia kutoa kitabu cha namna hiyo juu ya watu wake mwenyewe. Chini ya utawala wa makaburu, azma hiyo haikuwa mchezo. Cole alibadili jina lake la ukoo, Kole, akafanikiwa kuandikishwa kuwa chotara ili apate kutembea kwa nafasi zaidi kuliko walivyoruhusiwa Waafrika. Aliingiza kamera mahali wachimba migodi walipopimwa afya wakiwa uchi, akiwa ameificha katika mfuko wa chakula. Aliwapiga picha watu waliofungwa pingu kwa sababu ya sheria za pasi. Mwaka 1966 aliondoka nchini. Mwaka uliofuata kitabu chake, House of Bondage, kilichapishwa New York, na makaburu wakakipiga marufuku. Hakurudi kwao tena. Alifia New York mwezi Februari 1990, siku chache baada ya Nelson Mandela kutoka kifungoni. Mwaka 2017 picha zake zaidi ya 60,000, zikiwa bado katika filamu, zilipatikana katika benki moja mjini Stockholm.

Miongoni mwa picha za kitabu hicho imo ya mtoto Mwafrika anayeomba senti usiku mitaani Johannesburg, na Mzungu anamzaba kofi.

Hapa yafaa kujibu hoja yenye nguvu. Wapo wanaosema, na si bila sababu, kwamba mpiga picha wa mtaani ni mwizi wa heshima za watu. Afrika imeyaona hayo mara nyingi: mgeni anashuka garini, anampiga picha mama aliyevaa matambara, anaondoka, na picha inakwenda kuuza magazeti ng'ambo. Mama yule hana jina, hana kijiji, hana kauli. Wizi huo upo, na hauna budi kulaaniwa. Lakini kipimo chake kimo ndani ya picha yenyewe. Picha ya mtoto mwenye njaa, aliyetengwa na kila kilichomzunguka, huomba huruma tu, na humwacha mtazamaji akijiona mwema. Picha ya Cole ina shavu la mtoto, na ina mkono uliompiga. Mtazamaji hawezi kumwonea mtoto huruma bila kuuliza mkono ule ni wa nani, na ni sheria zipi zilizoupa ujasiri wa kupiga hadharani.

Suala hili linawahusu watumishi wa serikali na walimu kuliko wanavyodhani. Majalada ya picha katika ofisi nyingi za umma yanafanana: mgeni rasmi anakata utepe, mgeni rasmi anapanda mti, wajumbe wamesimama mistari mitatu mbele ya jengo. Picha hizo zina kazi yake. Hata hivyo, atakayezitazama baada ya miaka 50 hatajua wananchi walipangaje foleni ya maji, mwanafunzi alikaa wapi alipokosa dawati, wala karani alimtazamaje mkulima aliyefika dirishani na hati yake mkononi. Leo simu za mkononi zimewapa kamera mamilioni ya watu, lakini wingi huo haujazaa picha nyingi zenye maana, kwa kuwa mkono umepata chombo kabla jicho halijapata mafunzo.

Mafunzo hayo mwalimu anaweza kuyaanza bila gharama. Aweke picha moja ya mtaani mbele ya darasa, kisha awaulize wanafunzi: Nani ameketi na nani amesimama? Nani amebeba, na mzigo ni wa nani? Nani anamtazama nani, na nani hatazamwi na yeyote? Kwa upande wa ofisi, kila picha inayohifadhiwa iandikwe mahali, tarehe na, kwa ridhaa yao, majina ya waliomo, ili hata asiyekuwa mgeni rasmi awe na jina.

Wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Lakini mazoea nayo hupofusha, na aliyepofushwa na mazoea huhitaji kuambiwa. Picha nzuri ya mtaani humrudisha mtu mahali anapopita kila siku, ikamtaka ajibu kwa nini mambo yako hivyo, na kama yanastahili kubaki hivyo.