Kukata vinyama vya pua si kumaliza ugonjwa

Msomaji, pengine una jamaa ambaye pua yake imeziba mwaka mzima, hukoroma usiku na hasikii tena harufu ya kitunguu kikikaangwa. Kila mara husema ana mafua. Huenda si mafua bali ni vinyama vya pua.

Vinyama hivi ni uvimbe laini wa kijivu, mithili ya zabibu iliyomenywa. Huota juu ya utando wa ndani ya pua ambao umefura kwa muda mrefu. Kwa kawaida si saratani. Aghalabu wenye navyo huwa pia na pumu, au mzio wa vumbi, mende au paka.

Wengi huamini kwamba dawa ni kukatwa tu. Mgonjwa hufanyiwa upasuaji, hupumua vizuri, huacha dawa, na baada ya mwaka mmoja au miwili vinyama hurudi. Hapo humlaumu aliyemkata. Ukweli ni kwamba kisu huondoa vinyama, lakini hakitibu utando uliovizaa.

Kwa maoni yangu, nguzo ya tiba ni dawa ya kupuliza puani ya aina ya steroidi, kabla ya upasuaji na hata baada yake. Ipulizwe kila siku, wala usikate tamaa mapema kwani huchukua majuma kadhaa kufanya kazi. Kabla ya kupuliza, osha pua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, glasi moja kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi.

Vidonge vya mzio hutuliza chafya na mwasho, ila havipunguzi vinyama. Vidonge vya steroidi huvipunguza upesi, lakini vikirudiwa ovyo hudhoofisha mifupa na kupandisha sukari. Usivimeze bila daktari. Na yale matone ya kuzibua pua yanayouzwa madukani yasizidi siku tano, kwani baada ya hapo huizibisha zaidi.

Ikiwa una pumu pamoja na vinyama, jihadhari na aspirini, ibuprofeni na dawa za jamii hiyo. Kwa baadhi ya watu kidonge kimoja chaweza kubana kifua hadi kuhatarisha maisha. Mweleze mwuza dawa hali yako kabla hajakupa dawa ya kichwa.

Pua ikiziba upande mmoja tu, au ikitoka damu mara kwa mara, usikawie kumwona daktari wa masikio, pua na koo. Mtoto mwenye vinyama pia achunguzwe.

Najua kununua dawa kila mara ni mzigo. Hata hivyo, upasuaji wa pili ni mzigo mkubwa zaidi. Kwa hivyo, kabla ya kukubali kukatwa, muulize daktari wako: baada ya hapa nitatumia dawa gani, na hadi lini?