Kifo cha Msando: Nani Anafaidi Uvumi?

Katika mji wetu wa Maua, kuanzia soko la miraa hadi uwanja wa kanisa baada ya ibada, kila mtu ana hadithi yake kuhusu jinsi Chris Msando alivyokufa. Msimu wa uchaguzi unapokaribia hadithi hizo hufufuka zikiwa zimenenepa. Yuko anayejua nywila ilitolewaje, na yuko anayemtaja kwa jina aliyelipwa. Ukimuuliza mmoja wao amejuaje, hukujibu kwamba jambo hilo lajulikana na kila mtu.

Yanayojulikana ni machache. Msando alikuwa meneja wa teknolojia wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC), mtaalamu aliyejitokeza kwenye runinga kuwaeleza wananchi jinsi mitambo ingezuia wizi wa kura. Alitoweka usiku wa kuamkia Jumamosi, 29 Julai 2017, siku kumi kabla ya uchaguzi mkuu. Maiti yake ilipatikana Muguga, upande wa Kikuyu, pamoja na ya mwanamke kijana. Ilitambuliwa Jumatatu, 31 Julai, siku ile ile ambayo mitambo ilikuwa ijaribiwe hadharani. Mpasuaji wa serikali alisema Msando alinyongwa. Mwenyekiti wa tume, marehemu Wafula Chebukati, alitamka kwamba mtumishi wake aliteswa kabla ya kuuawa. Marekani na Uingereza zikajitolea kusaidia upelelezi. Hadi leo hakuna aliyehukumiwa.

Tarehe 1 Septemba mwaka huo Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa rais kwa kura nne dhidi ya mbili, na ikailaumu tume kwa kutofungua mitambo yake kama ilivyoamriwa. Wengi wetu tukayaunganisha mambo hayo mawili. Yamkini yanaungana. Lakini Mahakama haikuulizwa nani alimuua Msando, wala haikulijibu swali hilo, na anayesema ilijibu anaipa hukumu maneno isiyokuwa nayo.

Hatuwalaumu wananchi kwa kushuku. Tumefundishwa kushuku. Dkt. Robert Ouko alipotoweka nyumbani kwake Koru, Februari 1990, tuliambiwa kwamba huenda alijiua, ilhali mwili uliookotwa Got Alila ulikuwa na jeraha la risasi kichwani na umechomwa moto. Tume ya Jaji Gicheru iliyochunguza kifo hicho ilivunjwa Novemba 1991 kabla ya kumaliza kazi, muda mfupi tu kabla ya kifungu cha 2A kufutwa. Taifa lililotendewa hivyo haliwezi kuambiwa liamini tu.

Wala si Kenya peke yake. Nchini Uingereza, Dkt. David Kelly, mwanasayansi wa serikali aliyebobea katika silaha, alitoweka tarehe 17 Julai 2003 na kupatikana amekufa kesho yake. Lord Hutton aliamua mwaka 2004 kwamba alijiua. Hata hivyo uchunguzi wa kawaida wa kifo haukukamilishwa, na nyaraka za kitabibu ziliamriwa zifungiwe kwa miaka 70. Ripoti ya upasuaji ilipotolewa mwaka 2010, uvumi ulikuwa umekwisha kuota mizizi, na karatasi haikuweza kuung'oa.

Kosa letu, basi, liko wapi? Shahidi aliyeona gari usiku ule, akasikia hadithi ya barabarani mara mia, mwishowe hawezi kutenganisha alichoona na alichosikia. Wakili wa mshtakiwa atamvua nguo kizimbani kwa maswali matatu. Tena, mtaa ukishamtaja muuaji, hakuna anayeona haja ya kudai uchunguzi. Muuaji wa kweli atataka nini zaidi ya hapo?

Na waliouawa walikuwa wawili. Tunalisema hili kwa waumini hasa, kwa kuwa maneno yaliyosemwa juu ya binti yule, mengine na watu waliotoka kushiriki meza ya Bwana, ni ya aibu. Yeye hakuwa na nywila ya mtu. Ana wazazi. Amegeuzwa kuwa sehemu ya kuchekesha katika kisa cha mtu mwingine, na kifo chake hakitajwi ila kumchafua Msando.

Sheria ya Mwenendo wa Jinai, Sura ya 75, vifungu vya 385 hadi 388, inampa hakimu uwezo wa kuchunguza hadharani chanzo cha kifo cha namna hii, mashahidi wakihojiwa kwa kiapo, nayo inamruhusu Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma kuagiza uchunguzi huo. Bunge lilitunga pia, mwaka ule ule wa 2017, sheria ya kuunda huduma ya kitaifa ya wachunguzi wa vifo. Kwa miaka mingi ikabaki makaratasi.

Tunawaomba wazee wa makanisa na vikundi vyetu vya Igembe waandike barua kwa Mkurugenzi huyo. Isitaje mshukiwa yeyote. Iulize faili iko wapi, nani anaishughulikia, na kwa nini hakimu hajapelekewa. Itaje vifo viwili, na nakala ipelekwe kwa mbunge.